INJINIA NA DAFTARI

Kwa ndugu wanachama, na kwa makarani wenzetu wa kila idara.

Safari hii tumeona vema kusema neno juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa si letu, nalo ni elimu ya kusimamia kazi kwa mainjinia wa serikali, au wahandisi kama waitwavyo siku hizi. Huenda mtu akauliza: Makarani wana shauri gani na mainjinia? Injinia ana ramani yake na kipimo chake, karani ana kalamu yake na majalada yake, na kila ndege huruka kwa ubawa wake. Twamjibu ya kuwa hakuna kazi ya injinia hata moja isiyopita mezani kwa karani. Barua ya kuomba fedha, hati ya kununua, hati ya kupokea vifaa, orodha ya vibarua, hati ya malipo, zote hupita kwetu. Tena kazi ikiharibika, wa kwanza kuulizwa ni karani wa stoo: Saruji imekwenda wapi? Mabomba yaliingia siku gani? Nani aliyetia sahihi? Basi jambo hili ni letu, wala si vibaya tukilisemea.

Neno tunalotaka kulisema ni moja. Kujua kusimamia kazi, yaani kupanga siku, fedha, vifaa na watu hata kazi iishe kama ilivyoahidiwa, ni nusu ya uinjinia. Na nusu hii haipatikani kwa kusoma vitabu vya hesabu peke yake, bali hupatikana penye daftari. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona ya kuwa kazi bila daftari hupotea vivyo hivyo, ijapokuwa injinia wake ni hodari wa chuma na mawe.

Tuanze na habari iliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1946, baada ya vita, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga huku Afrika ya Mashariki, na hasa katika Tanganyika. Walitumwa watu watatu kuitazama nchi, mkubwa wao akiwa Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Waliitazama kwa majuma machache, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani. Wakaandika ya kuwa yawezekana kulima eka zaidi ya milioni 3 kwa muda wa miaka sita, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika Ugogo. Katika mwaka ule wa kwanza ilikusudiwa kupata eka 150,000. Zilizopatikana ni 7,500 hivi.

Kwa nini ikawa hivyo? Si kwa sababu watu wale hawakujua mitambo. Wengi wao walikuwa mafundi waliozoea kazi kubwa za vita. Lakini matrekta yaliyopatikana mengi yalikuwa yamekwisha tumika jeshini, na vipuri vyake havikuwa tayari, yalipoharibika yalisimama. Bandari ya Dar es Salaam haikuweza kupokea shehena ile yote, wala reli ya njia moja ya kwenda bara haikuweza kuichukua. Udongo wa Kongwa mvua ilipokatika ulikauka ukawa kama tofali, hata karanga hazikung'oleka. Na mvua yenyewe haikuwa ya kutumainiwa, jambo ambalo Mgogo yeyote mtu mzima angalilieleza bila kulipwa, maana njaa kuu iitwayo Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na vita pamoja na ukame, ilikuwa haijasahauliwa katika nchi ile. Hakuna aliyetangulia kulima shamba dogo la kujaribia kwa misimu kadha wa kadha ndipo aagize mitambo. Mashine ziliagizwa kwanza, udongo ukajulikana baadaye. Mpango ulikomeshwa mwezi wa Januari 1951, na hasara ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya karanga ingaliko, nayo yatumika hata leo; lakini reli ya kutoka Mtwara mpaka Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Twawaomba wasomaji watazame vizuri: katika sababu hizo zote, ni ipi iliyo ya hesabu ya chuma? Ni chache sana. Zilizobaki ni za utaratibu. Kipi kitangulie na kipi kifuate, nani aulizwe, mzigo upite wapi, fundi apate wapi kipuri, na nani mwenye ruhusa ya kusema, Simameni kwanza.

Sasa tuipambanishe habari hiyo na ya reli ya TAZARA. Kabla ya ujenzi kuanza mwaka 1970, wapima njia wa Kichina walikuwa wamekwisha kupita katika misitu na milima, wakipima kwa miguu yao. Njia ilikuwa ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia, na sehemu ya kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako ilikuwa milima mitupu, yenye mashimo ya kupitia chini ya milima na madaraja marefu. Pamoja na hayo reli zilikwisha kulazwa mwaka 1975, kabla ya wakati ulioahidiwa, na mwezi wa Julai 1976 njia ikakabidhiwa kwa wenyewe. Walioijenga walikuwa na karakana zao njiani, kama ile ya Mang'ula, hata kifaa kikivunjika hakikungojea meli.

Lakini habari ya TAZARA ina mafundisho mawili, wala haifai kusimulia moja tu. Njia ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na tangu ilipofunguliwa haijafikia kiasi hicho hata mwaka mmoja. Kujenga ni kazi moja, na kuitunza kazi iliyojengwa, pamoja na injini, vipuri, fedha za matengenezo na watu waliofundishwa, ni kazi nyingine inayotaka daftari lake. Injinia ahesabuye ya kuwa kazi yake imekwisha siku ya kukata utepe hajaelewa alichopewa.

Tukiacha habari za zamani, tutazame zilizo mikononi mwetu leo. Kijana ahitimu uinjinia Dar es Salaam au Mbeya, amesoma miaka minne, ajua nguvu za nguzo na mwendo wa maji katika bomba. Apelekwa wilayani. Mara akabidhiwa madarasa, zahanati na barabara za vumbi kwa pamoja, na nyingi za kazi hizo ni za force akaunti, yaani halmashauri yenyewe hununua vifaa na kuwaajiri mafundi wa pale pale. Hapo ndipo aonapo ya kuwa fundi mmoja amekwenda shambani, kamati ya manunuzi haijakaa, mchanga umeletwa pasipo kupimwa, na mwalimu mkuu ana funguo za stoo lakini yuko safarini. Chuoni alifundishwa haya kidogo sana. Wala hatumlaumu kijana huyu. Twasema ya kuwa hakufundishwa, na asiyefundishwa hujifunza kwa mali ya wananchi.

Na tutoe mfano mmoja kwa hesabu, tukiubuni sisi wenyewe ili jambo lieleweke. Kijiji chataka maji. Kuchimba kisima ni siku 20. Kupima wingi wa maji ni siku 5. Kununua pampu na kuifikisha kijijini ni siku 90. Kuifunga ni siku 10. Upande mwingine, kujenga tanki ni siku 45, na kuchimba mitaro na kulaza mabomba ni siku 40, na kazi hizi mbili zaweza kuanza siku ya kwanza. Je, maji yatatoka lini? Injinia asiyezoea kupanga atawahimiza waashi wa tanki usiku na mchana, hata walimalize kwa siku 35. Amefanya nini? Hakufanya kitu. Maana kisima, kipimo, pampu na kufunga hufuatana kama mabehewa, jumla siku 125, na tanki litakaa tupu likingojea. Bali injinia mwenye busara huuliza: Katika zile siku 90 za pampu, ni ngapi za karatasi? Akiambiwa ya kuwa siku 20 ni za kibali cha fedha, barua na orodha ya wauzaji, hufanya mambo hayo yote wakati kisima kinachimbwa, akiacha wazi ukubwa wa pampu tu, hata kipimo cha maji kitoke. Maji hutoka siku ya 105. Ameokoa siku 20 bila kuongeza kibarua hata mmoja. Na hakufanya kosa la Kongwa la kuagiza mtambo kabla ya kuujua udongo. Alitanguliza karatasi, pampu akaiacha nyuma ya kipimo.

Elimu hii ya kutafuta mfuatano mrefu kuliko yote, na kuulinda huo kuliko mingine, iliwekwa katika utaratibu wa hesabu huko Marekani mwaka 1957, katika kampuni ya DuPont. Kabla yake injinia Mmarekani Henry Gantt, aliyekufa mwaka 1919, alikuwa amewazoeza wenye karakana kuchora kazi kwa mistari juu ya karatasi yenye siku, hata mtu akitupa jicho moja aone lililokwisha na lililochelewa. Yote mawili hayahitaji mtambo mkubwa. Karatasi, rula na ukweli vyatosha, na katika vitatu hivyo kilicho haba ni cha tatu.

Sasa, ni mambo gani hasa apaswayo injinia kuyajua katika nusu hii ya pili? Sisi twataja manne.

Kwanza, utaratibu wa siku, kama tulivyoonyesha.

Pili, mwendo wa fedha. Injinia wengi hujua jumla ya gharama, lakini hawajui fedha itatakiwa mwezi gani na itapatikana mwezi gani. Mkandarasi hulipwa kwa hati ya kazi iliyokwisha kupimwa. Hati ile ikilala, riba huamka kwa mujibu wa mkataba. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara riba waliyodai makandarasi kwa sababu ya kucheleweshewa malipo. Fedha hiyo haijengi hata hatua moja ya barabara. Injinia apimaye kazi mapema na kuandika hati yake kwa usahihi, na kumwambia mhasibu miezi mitatu mbele kiasi kitakachotakiwa, ameilinda hazina kuliko askari wa mlangoni.

Tatu, watu. Kibarua asiyelipwa kwa siku yake hupunguza mkono. Mwanakijiji asiyeelezwa mtaro wapita wapi huuzuia ukifika shambani kwake. Nyapara anayekemewa mbele ya watu wake hataleta tena habari mbaya, na habari mbaya iliyofichwa ndiyo ghali kuliko zote. Injinia hana budi ajue kuuliza, kusikiliza, na kushukuru aambiwapo ya kuwa mambo hayaendi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani atakayekuonyesha ufa ikiwa kila aonyeshaye hutukanwa?

Nne, kuandika. Hapa ndipo tunapoona hasara nyingi. Injinia apita kazini asubuhi, amwambia fundi kwa mdomo, Ongeza kina cha msingi upande huu, kisha apanda gari. Fundi aongeza. Saruji yazidi mifuko. Baada ya miezi minne mkaguzi aja, aona mifuko iliyozidi, naye karani wa stoo hana hati ya kumwonyesha. Injinia amehamishwa wilaya nyingine. Neno lile la mdomo lilikuwa sahihi kabisa, pengine liliokoa jengo lisipasuke. Lakini kwa kuwa halikuandikwa limegeuka kuwa wizi juu ya mtu asiye na hatia. Daftari la kila siku la mahali pa kazi, lenye hali ya hewa, hesabu ya watu, vifaa vilivyoingia, amri zilizotolewa na sahihi ya aliyezitoa, ni ngao ya injinia na ya karani pia.

Ya kuwa mambo haya yawezekana katika nchi yetu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, serikali iliagiza madarasa 15,000 yajengwe kwa miezi michache, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Kila wilaya ilitafuta saruji, nondo na mabati kwa wakati ule ule. Hata hivyo madarasa yalisimama, na watoto wakaingia mwaka uliofuata. Hatusemi ya kuwa hapakuwa na kasoro. Twasema ya kuwa tarehe ilikuwa moja na yajulikana kwa wote, bei ilikuwa moja, na kila mkubwa aliulizwa habari zake mara kwa mara. Jambo lililowezekana kwa amri ya haraka laweza kuwezekana kwa mazoea, ikiwa watu watafundishwa.

Basi twapendekeza nini? Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliuanzisha mwaka 2003 mpango wa kuwafunza kazini wahandisi waliohitimu, kwa muda wa miaka mitatu chini ya uangalizi. Huo ni mpango mwema, nasi twataka uongezwe nguvu. Katika miezi ile 36, miezi sita na iwe ya daftari: miwili stoo, miwili kwa mhasibu, miwili masjala na manunuzi. Kijana apokee saruji kwa mikono yake, ahesabu mifuko, aandike hati ya kutoa, aone jinsi hati isiyo na sahihi inavyosimamisha kazi. Tena asipewe kazi kubwa mtu ambaye hajapata kuimaliza kazi ndogo tangu barua ya kwanza hata hesabu ya mwisho. Na kila kazi iishapo, kabla injinia hajahamishwa, aandike ukurasa mmoja: tulisema siku ngapi, zikawa ngapi, na kwa nini. Kurasa hizo zikiwekwa pamoja zitakuwa chuo kuliko vitabu vya wageni, maana zitasema habari za mvua zetu, barabara zetu na masoko yetu.

Twajua kuna watakaopinga. Wako wasemao ya kuwa mainjinia ni wachache, na kuwaweka stoo miezi sita ni kuwapoteza. Twajibu: kazi moja ikichelewa mwaka mmoja imekula miezi mingi kuliko hiyo, na ya watu wengi. Wako wasemao ya kuwa siku hizi kompyuta hufanya yote, na tangu mwaka 2023 manunuzi ya serikali yapita katika mfumo wa NeST. Ni kweli, nasi twaufurahia mfumo huo. Lakini mashine hujumlisha kile ilichoandikiwa. Mtu akiandika siku 30 mahali pa siku 90, kompyuta itaupamba uongo wake kwa rangi nzuri.

Wako tena wakubwa wasemao ya kuwa kupanga ni kazi ya afisa mipango, na injinia abaki na ufundi. Sisi twaona manahodha wengi chombo huenda mrama. Afisa mipango hawezi kujua zege hukauka kwa siku ngapi kabla ya kubeba uzito, injinia ajua. Kwa hiyo hapana budi yeye mwenyewe aushike usukani, na wengine wamsaidie.

Mwisho twageukia upande wetu wenyewe. Haifai kuwanyoshea mainjinia kidole na huku majalada yamelala. Wako makarani ambao hati ya mkandarasi hukaa mezani kwao majuma mawili ikingojea mwenyewe aje kuuliza. Wako wanaomficha injinia kijana utaratibu wa ofisi, wakamcheka akikosea, kana kwamba ujuzi wetu utapungua tukiugawa. Karani wa namna hiyo huzuia maji yasifike kijijini sawasawa na yule aliyesahau kuagiza pampu. Twamwomba kila mwanachama afanye mambo mawili: akipokea hati ya kazi, aandike juu yake tarehe iliyoingia na tarehe itakayotoka, na akimwona injinia mgeni katika wilaya yake, amkaribishe, amwonyeshe daftari la stoo, na amweleze njia ya karatasi tangu mwanzo hata mwisho.

Na matawi yetu yasingojee amri. Jioni moja kwa juma yatosha. Wakae mainjinia, mafundi sanifu, wahasibu na makarani, wachukue kazi moja ya wilaya yao iliyo mbele yao, waichore kwa mistari juu ya karatasi, siku kwa siku, shilingi kwa shilingi, na kila mtu aseme wazi ni wapi mkononi mwake kazi yaweza kukwama. Hakuna gharama ila taa na karatasi. Wanawake wanaoamka alfajiri kwenda mtoni na ndoo zao hawaulizi kosa ni la injinia au la karani. Wao huhesabu siku tu, nasi yatupasa kuzihesabu pamoja nao.